Mashine Haiendi Bungoma

Mwanangu Levi alifika Ndalu asubuhi ya Jumamosi akiendesha pikapu aliyoiazima kwa rafiki yake. Nilijua alichokijia kabla hajazima injini. Alikuja kuchukua mashine yangu ya kuchomelea, aipeleke Bungoma na kuiuza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha hesabu na sayansi tangu enzi ambapo mwanafunzi alisimama wima mwalimu akiingia darasani, na katika muda huo wote hakuna mzazi, mkaguzi wala chifu aliyewahi kuninyang'anya chaki mkononi. Sikuona sababu ya mtoto niliyemzaa kuwa wa kwanza.

Tamaa hii ilinishika mjini Kitale. Nilikuwa nimekwenda kununua mbegu, nikamwona fundi mmoja kwa jina Dancan akiunganisha vipande viwili vya alumini. Hapakuwa na cheche zikiruka wala kelele ya kukaanga. Palikuwa na mwale mweupe uliotulia, na mkono uliosogea polepole kama wa mtu anayeandika hati nzuri kwa kalamu ya wino. Niliwahi kuona geti likichomelewa mara nyingi, lakini kazi safi namna hiyo sikuwahi kuiona. Nikamwomba anifundishe.

"Guka, wewe rudi nyumbani ukunywe chai," Dancan alisema, akiniita babu, na vijana wake wakacheka. "Hii ni TIG, ya umeme na gesi. Si ile ya kupiga geti. Hii watu husomea chuo."

"Nawe ulisomea chuo kipi?"

"Mimi ni mimi, mzee."

"Nami ni mimi," nikamjibu, nikaondoka.

Nikanunua mashine iliyotumika, mtungi wa gesi ya agoni, na kofia yenye kioo cheusi. Nikaviweka katika ghala la mahindi, nikaegemeza simu juu ya gunia, na kuanza kuwatazama mafundi wa nchi za mbali wakionyesha kazi yao. Naungama kwamba alumini ni mwanafunzi mkaidi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, nawe unaonywa. Alumini haikuonyi. Hubaki nyeupe, imetulia mbele yako, kisha ghafla huporomoka na kukuachia tundu. Ile sindano ya tangsteni inayotoa mwale nayo haitaki kuguswa na kitu. Ukiitumbukiza katika alumini iliyoyeyuka, itakubidi uinoe upya. Mwanzoni nilikuwa nanoa zaidi kuliko kuchomelea.

"Baba Levi," mke wangu Phelista aliniuliza jioni moja, "sufuria ya ugali iko wapi?"

"Iko masomoni."

"Basi na wewe leo utakula masomo."

Kwa hiyo Levi alipoingia ghalani Jumamosi ile, alikuta sufuria tatu zilizofuzu na moja iliyokufa.

"Baba, hii mambo iishe," alisema. "Huko ofisini wananiuliza kama mzee wangu ameanza jua kali. Ulienda kanisani shingo imebambuka kama viazi juu ya huo mwale wako. Ukitaka kusoma, kuna chuo cha ufundi hapo Bungoma. Utafute mwalimu, upate cheti. Kama hutaki, uache."

"Nitafute mwalimu? Mwalimu unayemtafuta unazungumza naye."

"Si mwalimu wa hii, Baba."

Tulikuwa tungali tunabishana pale jirani yetu Jepkorir aliposukuma mkokoteni hadi mlangoni, ndani yake mkebe wake wa maziwa wa alumini. Ulikuwa umepasuka chini, ufa wa urefu wa kidole. Jana yake maziwa yalimwagika nusu kabla hajafika kwenye kituo cha ushirika, na karani alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akija na jerikani ya plastiki, maziwa yake yatarudi nyumbani. Mkebe mwingine hakuwa nao.

"Peleka kwa fundi, mama," Levi akamwambia.

"Nimepeleka Kitale. Amesema ninunue mpya."

"Uache hapa," nikasema.

Levi alicheka. "Baba! Ukiharibu mkebe ya watu je?"

Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza uvumilivu. Nikamwambia mbele ya jirani na mama yake, aliyekuwa amefika mlangoni: "Kesho asubuhi gari la maziwa litapita kituoni. Karani akiukubali mkebe huu, mashine itabaki hapa, na hutalitaja jambo hili tena maadamu ningali hai. Akiukataa, utaipakia mashine, nami mwenyewe nitakufungulia lango. Naye Jepkorir nitamnunulia mkebe mpya."

"Nimesikia," Phelista alisema. "Mimi ni shahidi. Na mnaongea na njaa, kwa hiyo msijute."

Nikausugua mkebe kwa nje kwa brashi ya waya hadi ukang'aa. Nikavaa kofia, nikakanyaga pedali, mwale ukatoka. Alumini safi ikiyeyuka hufanya kidimbwi kinachong'aa kama kioo. Hiki kilichemka. Kilitema punje nyeusi, nacho kilipoganda kilikuwa na vitundu kama andazi lililozidi hamira. Nikajaribu tena, polepole zaidi. Ukingo wa ufa ukaporomoka, na mahali palipokuwa na mstari sasa pakawa na shimo la kupitisha kidole gumba.

Jepkorir alishika mdomo. Sikumlaumu. Mkebe aliokuja nao ulikuwa unavuja, na sasa ulikuwa umetoboka.

"Baba, hiyo ni uji," Levi alisema, akanyoosha mkono kufunga gesi.

"Toa mkono. Bado."

Nilivua kofia nikainama juu ya mkebe. Palikuwa na harufu, lakini haikuwa ya madini. Ilikuwa harufu niliyoijua, tamu yenye moshi, nami nilikuwa nimeinusa mara ya mwisho nyumbani kwa Jepkorir siku ya ubatizo wa mjukuu wake, alipotumiminia mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni.

"Jepkorir, mkebe huu unauoshaje?"

"Naosha vizuri, Mwalimu! Kwani nimekuwa mchafu?"

"Sijasema mchafu. Unauosha na nini?"

"Kama kibuyu. Nachoma kijiti ya mti ya senetwet, nasugua ndani na mkaa, halafu nakung'uta. Mama yangu alisema chombo bila mkaa inaharibu maziwa."

"Mkebe wa alumini?" Levi aliuliza. "Na mkaa?"

"Sasa maziwa itajuaje ni alumini?"

Hata mimi nilicheka. Lakini jibu nilikuwa nimelipata. Mwaka baada ya mwaka, mkaa na mafuta ya maziwa vilikuwa vimeshindiliwa kwenye ngozi ya mkebe kwa ndani hadi vikaingia ufani, nami nilikuwa nimesugua nje tu. Mwale wangu ulikuwa unavuta uchafu huo kutoka upande wa pili. Wale mafundi wa simuni walisema "safisha" mara mia, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunusa kibuyu. Na sidhani chuo cha Levi kina somo hilo.

Nikaipanua mipaka ya shimo kwa tupa hadi madini yakawa meupe pande zote. Phelista akaleta maji ya moto na sabuni, Jepkorir mwenyewe akasugua ndani hadi mikono ikamwuma, huku akinung'unika kwamba tunautoa utamu. Nikapangusa kwa spiriti, nikaupasha mkebe mpaka ukakauka kabisa. Nikakata kiraka, nikakilaza, nikavaa kofia.

Safari hii kidimbwi kiling'aa.

Nilikiongoza taratibu, nikidondosha waya tone baada ya tone, bila kuharakishwa na mtu. Levi alisimama nyuma yangu, amegeuza uso asiumizwe na mwale. Nilipomaliza kuzunguka kiraka, mshono ulikuwa umepinda kama barabara ya kupanda Kapsokwony. Nikaupiga tupa kwa ndani hadi kidole kikapita bila kukwama, maana maziwa yakipata mahali pa kujificha huchacha.

Asubuhi tulikwenda kituoni sote wanne, Jepkorir amebeba maziwa yake kwa ndoo. Karani wa ushirika, kijana mkali aitwaye Kipkemei, aliupindua mkebe, akaugonga, akapitisha kidole ndani.

"Nani alichomelea hii?"

"Mimi."

"Uko na cheti, Mwalimu?"

"Sina."

"Ulifundishwa wapi?"

"Ghalani kwangu. Kagua mkebe, kijana. Mimi sitiwi maziwa."

Wenye mikebe waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Kipkemei hakucheka. Aliujaza maji, akauweka juu ya saruji kavu, akaendelea kupima maziwa ya wengine. Levi alikuwa amekunja mikono, macho yake chini. Jepkorir aliomba kwa lugha yao, midomo ikicheza.

Kipkemei aliporudi, aliuinua mkebe na kugusa saruji kwa kiganja. Akakitazama kiganja; kilikuwa kikavu. Akamwaga maji, akaingiza pua ndani.

"Hata ile moshi imeisha," alisema. "Mama, mimina."

Jepkorir akamimina, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mkebe wa maziwa ya ushirika atauosha na sabuni, lakini maziwa ya nyumbani kwake ni kibuyu na mkaa, na asitokee mtu wa kumfundisha.

Tuliporudi nyumbani, Levi alizunguka pikapu mara moja bila kuingia.

"Lakini Baba, ile laini imepinda."

"Imepinda," nikasema. "Na gari lako linarudi tupu."

"Halirudi tupu," Phelista alisema. "Pakia mahindi upelekee watoto."

Akapakia magunia manne, mwenyewe, akiwa na shati lake la ofisini. Alipoondoka, ghala lilikuwa limepata nafasi. Nikaisogeza mashine ikakaa katikati.