Udongo wa Mgeni

Mama alikuwa ameinama katikati ya kinyungu, bustani yake ya bondeni, kitenge amekikunja mpaka magotini, anafukia maharage ya Saida katika udongo mweusi kuliko wote tulionao Kalenga. Bonde lile, kando ya Ruaha Mdogo, halikauki hata Septemba. Maharage yangu mimi, mwanawe wa kumzaa, alikwisha kuyapanda juu mteremkoni, kwenye changarawe, ambako hata magugu huota kwa kusitasita. Nilisimama ukingoni na ndoo mkononi, roho inaniuma.

Wivu wenyewe haukuanzia shambani. Saida na mimi tuliajiriwa mwaka mmoja katika kituo cha utafiti wa mazao huko Mbeya, na kila mmoja alikuwa na mbegu yake ya maharage aliyoilea kwa misimu kadhaa. Moja tu ndiyo ingepelekwa kwa wakulima. Yeye ni binti wa muuza vitenge wa Mbalizi, hakuwahi kushika jembe kabla ya chuo. Mimi nimekulia mgongoni mwa mama anayepalilia. Ningeshindwaje? Lakini Saida alikuwa na ile adabu ya kwao, shikamoo ya kupiga goti kidogo, sauti ya kubembeleza hata akiomba chumvi. Siku nilipomleta nyumbani mara ya kwanza, Mama alimwita jirani yetu Nasri aje amchinje jogoo, ili mgeni Mwislamu ale bila wasiwasi. Mimi miaka yote nikirudi naletewa mboga ya maboga, na nikinung'unika naambiwa mjini kumeniharibu.

Kabla ya uamuzi, mkuu wetu alitaka kuziona mbegu zote mbili katika shamba la mkulima, naye Mama akajitolea. Nilifurahi kimoyomoyo. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia. Kumbe! Wakati wa kuvuna, maharage ya Saida yalijaza magunia, yangu yakajaza ungo. Ofisini walimpongeza, akawashukuru kwa ile sauti yake, na mimi nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Nilikwenda kwa mkuu wetu, Mzee Andendekisye, Mnyakyusa aliyekuwa karibu kustaafu, nikamweleza habari za udongo. Nilitegemea atakasirika. Alinitengenezea chai, akaniambia ugonjwa wangu ni wa kale. Zamani, alisema, wataalamu walipanda mbegu hii hapa na ile pale, wakatazama kwa macho, na mara nyingi aliyependwa ndiye aliyeshinda. Yapata miaka mia iliyopita, watu wa shamba moja la majaribio huko Uingereza wakachoka kudanganywa na ardhi. Wakalikata shamba vipande vidogo, kila mbegu wakairudia mara nyingi, na mahali pake pakaamuliwa kwa kura ya kuokota vikaratasi. Kisha wakatafuta hesabu ya kuonyesha kama tofauti imetokana na mbegu au ni bahati tu. Yeye mwenyewe aliisoma hesabu hiyo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Sisi tunaibonyeza kwenye kompyuta huku tunatafuna karanga.

"Binadamu hawezi kuacha kupendelea, Yusta," alisema. "Ndiyo maana tunapiga kura."

Nilitoka pale nimepona nusu. Jaribio lingerudiwa kwa Mama, na safari hii kura ingenitetea.

Mama hakupendezwa. Shamba lake analijua kama kiganja chake, alisema, na leo watoto wa shule wanakuja kulipigia kura? Hata hivyo alichota vikaratasi kwenye bakuli, kimoja kimoja, nasi tukachomeka vijiti vya alama, bondeni na mteremkoni. Saida alipokwenda kunawa mtoni nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza Mama kwa nini msimu uliopita alimpa Saida bonde na mimi mteremko.

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Mgeni ukimweka pabaya, anaondoka na aibu yangu," alisema. "Wewe ni wa hapa. Utavumilia."

Msimu mzima nilikuwa nasafiri kutoka Mbeya kuja kuchungulia vile vipande, kama mke anayenusa mashati ya mumewe. Kitu kilichonichoma zaidi ni kwamba Saida aliifurahia kura kuliko mimi. Aliniambia alikuwa akiuonea haya ule udongo mweusi, ila aliogopa kumkosoa mama wa watu. Ningependa angekuwa na hila kidogo. Ningemchukia kwa raha.

Tukavuna, tukapima, Mzee Andendekisye akakokotoa. Bondeni Saida alinishinda. Mteremkoni pia alinishinda, na huko ndiko alikonishinda vibaya zaidi. Mzee alirudia hesabu mara ya pili, nadhani kwa kunihurumia, kisha akavua miwani.

"Siyo bahati," alisema.

Msimu wa kwanza nilikuwa na udongo wa kulaumu, na mama wa kununia. Sasa sikuwa na mtu.

Mbegu ya Saida ikaenda vijijini. Mimi sikukanyaga Kalenga mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mama alinipokea kwa "kamwene" yake ya siku zote, akanishika mkono kunipeleka bondeni, hata begi sijatua. Kinyungu kilikuwa kimestawi, kijani kimefunga, na katikati yake majani membamba ninayoyajua kuliko vidole vyangu.

"Mama, hii si yangu?"

"Yako."

"Na ya Saida umeipanda wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea mteremkoni, kwenye changarawe.

"Ya Saida inajiweza," alisema, akainama kung'oa gugu.

Nilivua viatu, nikaingia kumsaidia. Udongo ulikuwa laini na wa baridi, uleule nilioulilia. Kila nilipoinuka kunyoosha mgongo, macho yalinipanda juu mteremkoni, nami nikaionea wivu changarawe.