Mkwe Hatembei kwa Dadu

Mwaka 1975 tulikuwa watu watatu tu katika Sumbawanga nzima tuliotunga michezo ya ubao kwa kupenda, bila kutumwa na mtu wala kulipwa na mtu. Mimi nilikuwa seremala mwenye karakana yake mtaa wa Izia, na nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, jambo ambalo sioni haya kulitaja. Alfonsi alikuwa fundi cherehani. Andwele, Mnyakyusa kutoka Rungwe, alikuwa karani wa serikali anayekaa mtaa wa Mazwi. Kila Jumamosi baada ya saa nane walikuja kwangu, tukachora mistari juu ya vipande vya mbao, tukarusha dadu niliyoichonga mwenyewe, na tukatukanana kwa adabu.

Mimi nilikuwa na mchezo wa kilimo. Ubao ulikuwa shamba la ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani yake ili zioze kabla ya kupanda. Niliufuata ukweli hatua kwa hatua. Ukishafukia nyasi, ulitakiwa kukaa zamu sita bila kufanya lolote, kwa sababu nyasi haziozi kwa siku moja.

"Fundi," Alfonsi aliniambia siku tulipoujaribu, "shamba ninalo nyumbani. Kule nikisubiri, angalau nachoma hindi."

"Mchezo lazima ufundishe," nikamjibu.

"Umenifundisha. Nimejifunza kusinzia nikiwa nimekaa wima."

Yeye mwenyewe alikuwa na mchezo wa mchuuzi anayepandisha dagaa kutoka Kasanga, kule ziwani, ambao kila mara uliishia mlimani lori likiwa limeharibika. Andwele alitunga mchezo wa faili linalotoka meza moja kwenda nyingine. Tuliucheza Jumamosi mbili na faili halikufika. Andwele akasema basi mchezo umefanikiwa.

Jumamosi moja ya Julai, katika ile baridi yetu inayomfanya mtu aoge kwa kukumbuka tu, Andwele alikuja amechoka kama aliyelima usiku kucha. Baba yake, Mzee Asajile, alikuwa amefiwa na mkewe mwezi wa tano, na Andwele akamleta Mazwi asikae peke yake. Sasa kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hapiti mbele yake, hamtazami, hasemi naye. Wakikutana njiani mwanamke anageuka au anaingia kichakani. Kule Rungwe migomba ya kujificha iko tele. Kiwanja cha Andwele kilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, choo, na kijia cha kwendea bomba la maji.

"Jana nimechelewa kazini," alisema, "kwa sababu mke wangu alikwama chooni."

"Alikwama vipi?" Alfonsi akauliza.

"Baba aliweka kigoda njiani. Akaota jua saa nzima."

Alfonsi alicheka hadi futi ya kupimia ikamdondoka shingoni. "Si umwambie mzee asogee!"

"Nimwambie baba yangu asogee? Ameshasema mara mbili kwamba kama amekuwa mzigo atarudi kwake. Akirudi kwa hasira, atakaa peke yake katika nyumba aliyofia mama, na mimi sitakuwa na uso wa kukanyaga kwetu. Na mke wangu Atusaye akiendelea hivi mwezi mwingine, yeye ndiye atakayeondoka."

Nilimwonea huruma, kwa kweli. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshashika penseli. Nilichora kiwanja chote: nyumba, jiko, choo, bomba. Punje ya hindi ikawa mkwe, haragwe likawa mkamwana. Haragwe lilitakiwa kufikisha jikoni ndoo mbili za maji na mzigo wa kuni kabla ya jua kuzama. Likikutana na hindi bila ukuta katikati, ndoo inamwagika na linaanza upya. Wote wawili walitembea kwa dadu. Tulicheza mara tisa, na mara tisa jiko lilibaki bila maji.

"Ndivyo ilivyo," Andwele akasema.

"Mchezo usioshindika si mchezo," nikasema mimi.

"Fundi kasema," Alfonsi akadakia, "yule mwenye nyasi zisizooza."

Andwele alinikataza kabisa kuutoa ubao ule nje ya karakana. Jumatano nikautoa. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya utafiti. Ukweli ni kwamba sikutaka Alfonsi apate ufumbuzi kabla yangu.

Nilifika Mazwi baada ya saa tisa, Andwele akiwa bado ofisini. Mzee Asajile alikuwa akiota jua upande wa barabara, koti hadi masikioni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kufumbua macho, nami nikazunguka hadi jikoni.

Atusaye aliuangalia ubao muda mrefu. "Shemeji, hapa ni kwangu."

"Ni mfano tu."

"Mfano una ufa wa jiko langu?"

Nilikuwa nimeuchora ufa, kwa kuwa napenda usahihi. Nilimweleza kanuni zote, nikitegemea angalau asifie mistari. Akaichukua dadu, akaiweka juu ya figa.

"Mmekosea. Mkwe hatembei kwa dadu. Anafuata jua. Saa mbili yuko hapa, njia ya choo. Saa nne anahamia njia ya bomba. Mchana analala. Saa nane yuko barabarani." Alikuwa akiisogeza punje ya hindi kwa kidole kama mtu asomaye herufi anazozijua. "Maji nachota alfajiri na saa saba. Kuni naleta saa tisa. Chooni, Mungu anisaidie."

Tukacheza kwa kanuni yake. Alinishinda mara tatu mfululizo, na mara ya tatu hakuwa akitazama ubao, alikuwa akipepeta maharage. Wanaume watatu tulikuwa tumebahatisha kwa dadu jambo ambalo mwanamke huyu alikuwa amelipima kwa kivuli. Nilitaka kumuuliza jua la saa kumi humpeleka mzee wapi, na hapo hapo, nyuma ya ukuta wa jiko, mtu akakohoa.

Atusaye akajifunika kitenge usoni. Tulikuwa tumesahau jua.

"Fundi," sauti ya mzee ikasema kupitia ukutani, "lete huo ubao."

Niliutoa nje nikiona tayari mzee anafunga mzigo wake, na Andwele ananilaani hadi kufa. Mzee Asajile akauweka magotini.

"Hili hindi ni nani?"

"Ni mzee mmoja, baba. Wa kubuni."

"Na huyu wa kubuni anaota jua saa nne njia ya bomba?"

Darasa la saba halikuwa na somo hilo.

"Kaa hapo penye kona," akasema. "Mimi nitakuwa hindi. Yeye aliye ndani awe haragwe. Asiseme na mimi, aseme na wewe."

Nikakaa penye kona ya jiko, mzee kulia kwangu nje, Atusaye kushoto kwangu ndani, wala hakuna aliyemwona mwenzake. Atusaye alininong'oneza hatua zake, nami nikasogeza haragwe. Mzee akalifuata jua lake kwa uaminifu. Ndoo ya kwanza ikafika. Ya pili ikafika. Kuni zikafika.

"Hm," akasema mzee. "Nipe mimi haragwe."

Wakabadilishana. Mzee akatoka na ndoo kwa haraka ya mtu ambaye hajawahi kuchota maji. Atusaye akaninong'oneza nisogeze hindi. Ndoo ikamwagika. Akajaribu kupitia nyuma ya choo, ikamwagika. Akaamua kungoja ndani ya nyumba, jua likazama na jikoni hamna hata tone.

"Huyu mzee yuko kila mahali!" akafoka. "Hana kwao?"

Ndani ya jiko kikasikika kicheko, kikazibwa na kitenge. Mzee akalishika lile haragwe, akaligeuza geuza kati ya vidole.

"Ni kila siku hivi?" aliuliza, akinitazama mimi.

Nikageuka kushoto, ingawa alikuwa ameshasikia.

"Mwambie," Atusaye akanong'ona, "kuna siku za mawingu."

Andwele alitukuta hivyo alipoingia na baiskeli. Aliuona ubao magotini mwa baba yake, akaiachia baiskeli ianguke yenyewe.

"Nahama," mzee akamwambia.

"Baba, nisamehe. Huyu fundi nilimkataza, lakini ana kichwa cha..."

"Nahamia kwake. Ukuta wa karakana yake unapata jua asubuhi hadi jioni, na hana mke nitakayemkwamisha chooni. Nitakuja hapa kula jioni, nikishakohoa tangu barabarani. Unaniona nimekasirika?"

Andwele akamtazama, kisha akanitazama mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa kitu. "Hapana, baba."

"Basi okota baiskeli."

Nilibeba kigoda, Andwele akabeba mzigo. Mzee alitangulia na ubao kwapani, akilalamika kwamba nimechora choo karibu mno na nyumba. Tulipofika kwenye njia kuu niligeuka kuangalia nyuma. Atusaye alikuwa akienda bombani, ndoo kichwani, kitenge kiko begani, akipita katikati ya kiwanja moja kwa moja. Andwele aliniambia baadaye kwamba alikwenda mara nne jioni ile, na pipa lilikuwa limejaa tangu mara ya pili.