Chungu cha Hatsue

Mama mkwe wangu, Hatsue, hakuulizia nyumba, wala mashamba, wala kaburi la mumewe. Kila asubuhi, akiwa amekaa kwenye godoro katika kibanda cha muda tulichopewa mjini Nihonmatsu, aliulizia chungu.

"Masayo, nani anakoroga chungu changu?"

"Hakuna, Mama. Kijiji kizima kimehamishwa."

"Basi pumba zangu zitakufa."

Ni chungu cha pumba za mpunga zilizochanganywa na chumvi, tunamozika matango na figili mpaka ziwe achari. Pumba hizo ni kitu hai. Zisipokorogwa kila siku kwa mkono mtupu, huota ukungu zikaoza. Hatsue alizirithi kwa mama mkwe wake, naye alizirithi kwa wake. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, lakini tangu niolewe na Noriaki sikuruhusiwa kugusa hata kifuniko. "Mkono wako wa moto," alikuwa akisema mbele ya wageni. "Utaniharibia." Nilikuwa nacheka pamoja nao. Moyoni iliniuma, sitaficha. Nguo zake nimefua, kwenye homa nimemuuguza, wajukuu nimemzalia, ila pumba hakuniamini nazo.

Siku mtambo wa nyuklia wa jirani ulipolipuka, gari la matangazo lilipita likituamuru tuondoke. Sote tulidhani tutarudi baada ya siku mbili tatu. Hatsue alikoroga pumba zake bila haraka, huku Noriaki akipiga honi nje, akazifunika kwa chumvi nyingi, ndipo akapanda gari. Hiyo ilikuwa Machi. Kufika Juni alikuwa karibu hali kitu. Uji alionja kijiko kimoja, akasukuma bakuli. Daktari alisema haoni ugonjwa, ni uzee na majonzi. Noriaki akamnunulia achari ya dukani. Aliitafuna kidogo, akaitema.

"Hii imetengenezwa na mashine," alisema. "Haina mtu ndani."

Kisha tukatangaziwa kwamba mtu mmoja kutoka kila nyumba ataruhusiwa kwenda kwake kwa saa mbili. Noriaki alitaka kwenda yeye, akachukue picha ya baba yake.

"Nani, huyu?" Hatsue akadakia. "Huyu hajawahi kuosha hata kikombe. Aende Masayo."

Aliniita nisogee. "Ukwangue ukungu wa juu. Chini zitakuwa hai, mimi nazijua. Halafu vua glavu, ukoroge mpaka chini kabisa."

"Na mkono wangu wa moto, Mama?"

"Utapoa. Na ukirudi nitanusa, usidhani utanidanganya."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Harufu ya pumba zile ikishika mkono haitoki siku nzima. Hata dukani, ukipokea chenji, mwenzako anajua umetoka kukoroga. Nilikwenda kwa furaha, Mungu anisamehe, kwa furaha kama bibi harusi. Hatimaye nilikuwa nimepewa chungu.

Walituvika mavazi meupe ya plastiki, glavu na barakoa, wakatupeleka kwa basi. Nyumbani panya walikuwa wamejifanyia sherehe. Sikuhangaika nao. Niliinua ubao wa sakafu ya jikoni, ambapo chini yake hukaa chungu, nikapangusa vumbi kwenye kifuniko, nikafunua. Juu palikuwa na ukungu mweusi, mzito, na uvundo ulionipenya mpaka ndani ya barakoa. Nikakwangua. Nikakwangua tena. Chini yake nikakuta pumba za manjano, laini, na ile harufu yenyewe ya jikoni kwetu ikanijia.

Nilivua glavu, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikoroga huku nalia. Katikati nilishika tango moja ambalo Hatsue alilisahau, limenyauka lakini zima. Nililirudisha. Nikatia konzi moja ya pumba kwenye mfuko wa nailoni, nikaificha ndani ya vazi.

Kwenye lango la kutokea, mpimaji wa mionzi alikuwa Bwana Yokoyama, kinyozi wa kijiji jirani, aliyekuwa akimnyoa Noriaki. Kipimo chake kililia kwenye kifua changu.

"Dada Masayo, una nini humo?"

"Pumba tu. Za mama mkwe."

Alifumba macho kidogo. "Chakula hakitoki, dada. Hata mbegu."

"Yokoyama, konzi moja! Mwenyewe hali chochote. Anakufa."

"Mama yangu naye kaacha chungu chake. Unadhani napenda?" Akanyoosha mkono, akauchukua mfuko, akautia kwenye pipa. Hakuutupa, aliuweka taratibu. Halafu akapima mkono wangu wa kulia, na kipimo kikalia tena. "Umevua glavu?"

"Zinakorogwaje na glavu?"

Alinipeleka kwenye bomba, akanipa sabuni na brashi. Nikanawa. Kipimo kikalia. Nikanawa tena, naye akanisugua kucha kwa brashi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nilimwomba aniachie japo harufu. Alisema harufu haina kosa, kosa ni vumbi, lakini hawezi kutoa kimoja akabakiza kingine. Kipimo kiliponyamaza, alinipa taulo akageuka kando.

Hatsue alikuwa ameketi wima akinisubiri. Noriaki alisema tangu asubuhi alikuwa amekataa kulala.

"Mama, zi hai!" nilisema hata sijavua viatu. "Ukungu ulikuwa juu tu. Nimekoroga mpaka chini. Hata tango lako nimelikuta."

Alinyoosha mikono miwili, akaushika mkono wangu, akauleta puani. Alinusa kiganja, akanusa kati ya vidole, akanusa kucha.

"Sabuni," alisema.

"Wamenilazimisha kunawa, Mama. Kule langoni, Yokoyama, yule kinyozi, muulize!"

"Huwa haitoki kwa kunawa."

"Wamenisugua kwa brashi! Tazama ngozi yangu!"

"Basi, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu. "Zimekufa, nawe hukutaka kunivunja moyo. Umefanya vizuri."

Nilianza upya kumweleza, rangi yake, ulaini wake, nilivyolia. Alinipigapiga mkono, akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto. Kisha akajilaza, akageukia ukutani.

Asubuhi iliyofuata hakuulizia chungu.