Hatua za Bibi Mwaisha

Siku ya kwanza nilipofika mtaani na futi kamba mpya na ramani iliyokunjwa vizuri, Bi Asia alinitazama kuanzia viatu hadi miwani, kisha akaniuliza kama mama yangu anajua niko wapi.

"Anajua. Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Basi karibu, Bwana Ramani."

Kuanzia hapo hakuna aliyeniita Elia tena.

Kwenye karatasi kazi yangu ilikuwa ndogo: kupima barabara. Nesi Hosiana alikuwa na zahanati mwisho wa kichochoro, na ubavuni mwake alikuwa amemaliza kujenga chumba cha wazazi: vitanda viwili, sinki, pazia la bluu. Kilichobaki ni kibali, na kibali kilitaka barabara yenye upana wa mita nne ili gari la wagonjwa lifike mlangoni. Kichochoro hakikufika hata mita moja na nusu. Mwezi uliotangulia, mjamzito mmoja alitolewa humo kwa toroli la kubebea zege. Mkaguzi angerudi Ijumaa. Asipokuta barabara, chumba kingebaki stoo.

"Stoo ya nini?" nilimuuliza Hosiana.

"Ya pazia la bluu," alijibu akicheka, lakini aligeuka upesi akakunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

Kulia kwa kichochoro kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Natwarlal, ambaye veranda yake ilikuwa ikisogea nje kidogo kila mwaka. Kushoto kulikuwa na nyumba ya Bi Asia, vyumba sita vya kupangisha wanafunzi wa chuo cha Mazimbu, na uzio wake nao ulikuwa na tabia ileile. Wote wawili waliitaka barabara kwa moyo wote.

"Ipite hata kesho," alisema Natwarlal. "Upande wa Bi Asia. Ana uwanja wa kurushia ndege."

"Na yeye asogeze saruji yake," alisema Bi Asia. "Wapangaji wangu wakipiga chafya, vumbi lake linatosha kujengea choo."

Kila mmoja alinionyesha karatasi ya mauziano. Wote walinunua kwa mtu mmoja, mwaka mmoja, na karatasi zote zilisema: upana, hatua ishirini. Huku ndivyo watu walivyouziana viwanja. Muuzaji alitembea, mnunuzi akahesabu, mashahidi wakanywa soda.

Natwarlal alimwita mjukuu wake Sajjad, kijana mwenye miguu mirefu kama ngazi. Sajjad alianzia kwenye jiwe la mpaka wa mbali, na hatua ya ishirini ilimfikisha jikoni kwa Bi Asia, mbele ya sufuria ya maharage.

Bi Asia alifunika sufuria yake. Alimwita mpangaji wake Evance, mrefu kuliko Sajjad. Hatua ya ishirini ya Evance iliishia ndani ya duka, kati ya makopo ya rangi.

"Karibu, mteja," alisema Natwarlal. "Nikupe nyeupe au krimu?"

Nikaona huo ndio wakati wa elimu yangu. Nikanyoosha futi kamba. "Wazee wangu, tukikubaliana kwamba hatua moja ni sawa na sentimita..."

"Karatasi haisemi sentimita," alisema Bi Asia.

"Haisemi kabisa," alisema Natwarlal. Hapo ndipo nilipowasikia wakikubaliana kwa mara ya kwanza. "Inasema hatua. Tena si za huyu wala yule. Ni za aliyeuza."

"Za Bibi Mwaisha mwenyewe," alisema Bi Asia. "Zikiishia popote, mimi nimeridhika."

"Popote!"

Mwenyekiti wa mtaa akaandika, nao wakatia saini.

Eneo lile lilikuwa la ukoo wa mama yake Bibi Mwaisha, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na yeye ndiye aliyeliuza. Sasa aliishi juu mlimani, Bigwa, kwenye migomba yake. Alhamisi asubuhi nilimfuata na bodaboda. Njiani aliniuliza barabara ni ya nini, nikamweleza yote, mpaka toroli la zege. Aliuliza tu kama nimeoa.

Tulipofika alishuka taratibu, akashika goti, akaguna. Hosiana alitoka mbio.

"Shikamoo, Bibi. Goti hilo! Njoo kwanza nikuchome sindano."

"Marahaba, mwanangu. Tupime kwanza."

Alianzia kwenye jiwe la Natwarlal. Moja. Mbili. Hatua zake zilikuwa fupi, za mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Kwenye kumi na tano Natwarlal alianza kujifuta jasho. Ishirini ilikwisha ndani ya veranda, mbele ya saruji.

"Bibi, enzi zile ulitembea kama askari!" alilalamika Natwarlal.

"Enzi zile nilikuwa na magoti mawili. Karatasi inasema hatua za nani?"

Bi Asia alicheka mpaka akashikilia uzio. Kisha Bibi akaanzia kwenye jiwe la Bi Asia, na kigingi nilichochomeka kwenye hatua ya ishirini kikauacha uzio upande wa barabara.

Nilipima nafasi iliyobaki katikati. Mita nne na kiganja.

Bi Asia aliitazama veranda ya Natwarlal, akapiga hesabu kichwani. "Na yeye kapungukiwa kama mimi?"

"Sawasawa," nilisema.

"Basi sina neno. Evance, leta nyundo."

Natwarlal alishusha pumzi, akamwambia Sajjad ahamishe saruji. "Na kokoto za barabara zitatoka kwangu," aliongeza. "Isije ikasemwa nilinyang'anywa."

Hosiana alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, kanga mdomoni, macho yamejaa machozi.

"Bibi!" aliita alipoona bodaboda inawashwa. "Sindano yako!"

"Nitakuja na gari, likifika mlangoni."

Kati yake na bodaboda kulikuwa na mtaro mpana wa maji. Bibi Mwaisha alikusanya kanga, akauvuka kwa hatua moja.

Natwarlal alinigeukia polepole. "Bwana Ramani, umeiona hiyo?"

"Samahani, Mzee," nilisema, nikiinamia karatasi yangu. "Nilikuwa nachora barabara."