Ulimi Umelala, Ulimi Umeruka

Mwalimu wa darasa la pili alivisugua vidole vyake kwa ndimu mpaka chaki yote ikatoka kwenye kucha. Akajifunga kilemba hadi kwenye nyusi, akavaa miwani ya jua ya mdogo wake, akamshika mkono kitinda mimba wake na kupita njia ya nyuma, ile ya mitaroni. Mtu mzima na akili zake, anatembea kama mwizi wa kuku.

Walikuwa wanakwenda shule ya kulipia. Na wala si kosa, kila mtu ana haki ya kumsomesha mwanawe anakotaka. Tatizo lilikuwa maneno yake mwenyewe. Mwezi mmoja tu nyuma, kwenye kikao cha wazazi cha shule ya umma anayofundisha, alisimama akapiga meza. "Mimi nimesomeshwa na shule hizi, na nyinyi pia! Mkiwatoa watoto wenu wote, nani atabaki kudai madawati?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama mmoja aliyekwisha kununua sare ya shule nyingine alifuta machozi, na mtoto wake akabaki. Makofi hayo ndiyo yaliyomfuata mwalimu njia nzima.

"Wakiuliza kazi yangu, unyamaze," alimwambia binti yake.

"Hata kama jibu nalijua?"

"Hata kama unalijua."

Hilo si ombi dogo. Mtoto mwenyewe nyumbani wanamwita Kasuku.

Ofisi ilikuwa na mapazia mazito na vigae vya kung'aa hata ukaogopa kukanyaga. Nyuma ya meza alikaa mwalimu kijana, mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wanafunzi wapya. Aliwakaribisha, akawapa viti, akamtazama mgeni wake kwa muda kidogo kabla ya kuanza.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Nashona nguo."

Kasuku alimgeukia mama yake mdomo wazi, kisha akaufunga.

"Na kwa nini unamtoa huko alipo?"

Hapa angeweza kujibu kwa kifupi, yaishe. Lakini mtu akishaanza uongo huogopa usiaminike, basi huongeza chumvi. "Shule zile? Achana nazo! Watoto tisini chumba kimoja. Walimu wenyewe wapo wapo tu. Mtoto anamaliza mwaka, mwalimu wake hata hamjui." Aliisikia sauti yake ikiwasema wenzake anaokunywa nao chai kila siku. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka moto, na bado hakukoma. "Yaani pale unampeleka mtoto akakue tu."

Mwalimu kijana alimsogezea Kasuku picha ya kalamu na kumwomba aandike chini yake jina la kitu hicho. Mtoto akainama, akaandika kwa bidii zote: karamu.

Mama mtu alitamani sakafu ipasuke. Kila jioni hurudi nyumbani sauti imemkauka kwa kufundisha watoto wa watu, na wa kwake anaambulia "kesho, mwanangu".

"Hebu litamke polepole," mwalimu kijana alimwambia mtoto. "Ulimi umelala, au umeruka?"

Mama yake Kasuku aligutuka kitini. Maneno yale hayamo katika kitabu chochote. Aliyatunga mwenyewe, miaka mingi nyuma, alipochoka kusahihisha madaftari yanayochanganya herufi mbili: L ya kulala, R ya kuruka. Darasa zima lilikuwa likitia kidole mdomoni na kupiga kelele mpaka mwalimu mkuu anakuja kuuliza kuna nini.

"Umelala!" Kasuku alidakia. "Ka-la-mu!" Akafuta, akaandika upya, na hapo uvumilivu ukamwishia. "Lakini hiyo ni ya mama! Mama ndiye anawafundisha hivyo wanafunzi wake!"

Mwalimu kijana akaweka chini alichoshika, akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu kwa sauti ndogo, akaivua ile miwani.

"Nilikuwa nakaa dirishani, dawati moja na wenzangu wanne. Nilikujua tangu unaingia. Nilisubiri useme mwenyewe."

"Nisamehe, mwanangu. Yale niliyosema..."

"Wangu yuko kwako, mwalimu."

"Wako nani?"

"Binti yangu. Yuko darasani kwako mwaka huu, bibi yake ndiye anayemleta. Hapa wangempokea, lakini nilimwambia baba yake, mimi huyu nampeleka kwa mwalimu wangu." Akalitaja jina la mtoto.

Mwalimu alilitafuta jina lile kichwani, dawati kwa dawati, toka mbele hadi nyuma. Uso haukuja.

"Ah, yule!" alisema. "Namjua. Mtoto mtulivu sana."

"Mtulivu? Huyo wangu?" Mwalimu kijana alianza kucheka, kisha kicheko kikamwisha. "Humjui, mwalimu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakuwahi kuaibika hivyo tangu aanze kazi, na mbaya zaidi aliyemwaibisha hakuwa na hasira hata kidogo.

"Basi nishauri," mwenzake alisema taratibu. "Nimwache kule, au nimlete hapa?"

"Mwache." Jibu lilimtoka bila kufikiri, na alilimaanisha kwa moyo wote. "Mwache, mwanangu. Kesho asubuhi nitamtafuta mwenyewe. Nitamjua."

"Haya. Nakuamini." Akavuta karatasi ya kuandikisha wanafunzi, akafungua kalamu. "Na huyu wako, tumwandike?"

Mwalimu alifungua mdomo. Kasuku alisubiri, akaona kimya kinazidi, akainuka kitini na kumchungulia mama yake mdomoni.

"Mama," alinong'ona, "ulimi umelala?"