Moyo Uliokosea Upande

Fundi wa mashine alinibandika waya kifuani, upande wa kushoto, ili achore ramani ya umeme wa moyo wangu. Ramani ikatoka tupu.

“Mzee, humu hamna moyo.”

“Sasa nani anayekujibu, mjinga wewe?”

Mke wangu akadakia: “Moyo wake uko kulia, alizaliwa hivyo. Miaka thelathini nalalia kifua hicho, nisijue?”

Daktari akaitwa. Akaniwekea mkono upande wa kulia, moyo ukamdunda kiganjani. Akaitazama ramani, akatikisa kichwa.

“Mashine ni mpya, mama. Haiwezi kukosea.”

Akaandika kwenye fomu: moyo haupo, mgonjwa mbishi.

Mke wangu akaisoma, akanirushia shati. “Haya, marehemu, vaa twende.”