Majina Manane kwa Jumuiya

Philémon alikamatwa Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya mlango wa redio yake ndogo kule Kadutu, mjini Bukavu, kofia ya pikipiki ikiwa bado mkononi. Kosa lake lilikuwa kipindi kimoja. Jumapili iliyotangulia alikuwa amewaalika watu saba wa mtaa, akawauliza hewani: "Hawa wanaotuongoza, ninyi mulibachagua siku gani?" Watu saba wakajibu, kila mtu kwa mdomo wake. Kufikia Jumanne jioni redio ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, na wote wanane walikuwa kasho, mahabusu ya watu wa usalama.

Mke wake, Apolline, alikuwa mwalimu wa darasa la sita na wa Kiswahili. Majuma tisa alipeleka bugali na vidagaa vya sambaza kila alasiri, akaacha sahani kwa walinzi, asijue kama chakula kinamfikia mumewe au kinaishia pale mlangoni. Avoka wao, wakili aliyeitwa maître Delphin, aligonga kila mlango. Mahakamani hakuna aliyekuwa na faili. Aliandikia balozi za mbali. Moja ikajibu kwamba ina wasiwasi mkubwa, nyingine kwamba inafuatilia hali kwa makini.

"Wasiwasi hata mimi niko nayo," Apolline akamwambia. "Yangu inakosa tu muhuri."

Ndipo ikaja habari ya wageni. Nchi ilikuwa imeomba kuingia katika Jumuiya ya majirani wa mashariki, na Jumuiya ilikuwa inatuma ujumbe kukagua barabara, forodha, sheria na utawala bora. Delphin alimletea Apolline gazeti, maneno hayo mawili ya mwisho akiwa ameyapigia mstari.

"Hawa si kama wale wa mbali, maman," alisema. "Hawa njo wakubwa wetu banawaomba mulango ya kuingia. Na mu mukataba yao wameandika: demokrasia, haki ya watu. Tena banasoma Kiswahili. Andika wewe. Mimi Kiswahili yangu ni ya soko."

Apolline aliandika siku tatu, baada ya wanafunzi kutoka, kwenye meza ya darasani. Aliandika majina manane, umri, kazi, siku ya kukamatwa, nani alionekana mara ya mwisho akiwa na damu sikioni. Zilikuwa kurasa nne. Hakuandika neno moja la kulia.

Alhamisi papa Jacques alikuja shuleni. Alikuwa mtu wa usalama, na binti yake alikuwa amepita mikononi mwa Apolline miaka miwili nyuma. Alisimama mlangoni kwa adabu, akamsubiri afute ubao.

"Mwalimu, wageni wanapita Jumamosi," alisema. "Hatutaki makelele. Bwana yako asaini barua ya kuomba radhi, na ile karatasi yako ibaki ku nyumba. Kesho iko huru."

"Na wale wengine saba?"

"Mi sikukuja juu ya wengine."

Siku hiyohiyo walimruhusu kumwona Philémon. Shingo yake ilikuwa imekonda hata kola ya shati ikamzidi, na alimgeuzia sikio moja tu ili amsikie. Apolline alisema yote kwa haraka, kabla hawajamtoa nje. Kisha akamshika mikono.

"Saini. Nakuomba, saini."

Philémon alikohoa kwa muda. "Gracien analala pembeni yangu," akasema. "Iko na miaka vingt-deux, ishirini na mbili tu. Anauzisha unités za telefone ku kona, mimi njo nilimwita ku redio. Nikitoka peke yangu, maman yake nitamwambia nini?"

"Utamwambia uko muzima!"

"Apolline. Ipeleke ile karatasi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alimchukia. Alimchukia kwa kila ngazi ya udongo aliyopanda, kwa watoto wawili waliomngoja, kwa yule Gracien ambaye hakuwahi hata kumwona. Ijumaa aliiweka ile dosie ya kurasa nne chini ya godoro, akaamua haitatoka.

Jumamosi alfajiri mlango ukabishwa. Alikuwa maman Adélaïde, mama yake Gracien, amevaa kitenge chake cha misa.

"Maître Delphin amenituma. Amesema ku hoteli ya wageni hawatatuacha tuingie, ni kuwangojea kule Kamanyola, ku forodha," alisema. "Niko tayari, mwanangu. Tuende."

Apolline alimtazama yule mama, viatu vyake vimeoshwa, na akakosa maneno ya kumrudisha. Akainua godoro.

Walishuka kwa teksi kuukuu kupitia Nyangezi, kisha zile kona za Ngomo ambako abiria wote hunyamaza kwa hofu ya korongo. Kamanyola jua lilikuwa kali na vumbi limetanda. Saa tano magari meupe saba yakatokea, askari mbele na nyuma. Walinzi waliwasukuma watu pembeni kwa fimbo. Apolline aliona kwamba magari hayatasimama karibu nao, akabaki pale pembeni na dosie kifuani.

Maman Adélaïde ndiye aliyekwenda. Alipita chini ya mkono wa askari, akaketi katikati ya barabara kama mtu anayeketi jikoni kwake. Gari la pili lilifunga breki hatua tatu mbele yake. Askari wawili wakamvuta kwa mabega, kitenge kikamfunguka, na hapo Apolline akasikia sauti yake mwenyewe:

"Mheshimiwa! Ninaomba dakika moja! Moja tu!"

Kioo kilishushwa. Mwanamke mwenye miwani alitoka, akawaambia askari wamwache mama wa watu. Alijitambulisha kuwa Bi Sikudhani, kutoka pwani, mtaalamu wa sheria katika ujumbe ule. Alizipokea zile kurasa, akasoma mbili za kwanza akiwa amesimama juani.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Umeandika vizuri sana. Pole, mama. Nimeipokea, na tutalifanyia kazi."

Alimpa kadi yenye namba yake. Nyuma ya gari la tatu papa Jacques alikuwa amesimama akitazama.

Apolline alirudi Bukavu amelishika lile neno. Kwao mtu akisema atafanya kazi hukunja mikono ya shati, na jioni unaiona kazi yake.

Jumatatu sahani yake ilirudishwa ikiwa imejaa. Wote wanane walikuwa wamepakiwa kwenye ndege na kupelekwa mji mkuu, ambako hakuna barabara ya kumfikisha mtu kutoka Bukavu. Huko walihukumiwa miaka mitano kila mmoja, kwa asubuhi moja, Delphin akiwa bado anatafuta tiketi.

Miezi saba baadaye ripoti ikatoka. Delphin aliichapisha kwenye karatasi, akaileta mwenyewe, na hakukaa. Kulikuwa na kurasa nyingi za madaraja na ushuru. Juu ya utawala bora kulikuwa na sentensi moja: ujumbe umebaini kuwa zipo fursa za kuuimarisha zaidi.

Apolline alipiga ile namba. Bi Sikudhani alimkumbuka, tena kwa jina.

"Mama, nisikilize. Niliandika kurasa mbili kuhusu watu wako. Zilipofika juu ikabaki hiyo sentensi. Walisema tukiwafungia mlango wakubwa wenu hatutakuwa na sauti kwao. Wakishaingia ndani, tutazungumza nao kindugu."

"Na kindugu mutasema lini?"

"Sijui, mama," Bi Sikudhani akasema. "Sitaki kukudanganya."

Nchi ikakubaliwa. Mjini zilitundikwa bendera, na mkuu wa shule akataka wanafunzi wajifunze wimbo wa Jumuiya kwa ajili ya sherehe. Wimbo ulikuwa wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa Apolline. Aliwafundisha siku nne, akiwasahihisha matamshi, ubeti kwa ubeti. Siku ya tano alitoka nje katikati ya somo, akaegemea ukuta wa vyoo mpaka pumzi ikamrudia, kisha akaingia tena.

Juma hilohilo Philémon alipata simu ya kuazima huko gerezani.

"Tumesikia nchi imeingia," alisema, sauti ikikwaruza. "Na ripoti? Batu ya Jumuiya wametutaja?"

Apolline alifungua mdomo kusema kweli. Alisikia watu wakipumua upande wa pili, wamemzunguka.

"Ndiyo," akasema. "Wote munane."

Philémon akageuka, akawapigia kelele wenzake. Kishindo kilichofuata kilikuwa kikubwa hata ilimbidi aondoe simu sikioni. Mtu fulani alikuwa anacheka na kucheka. Kisha salio likaisha.

Kesho yake maman Adélaïde alikuja, anahema kwa mlima. Gracien naye alikuwa amempigia.

"Mimi sijasoma, mwanangu," alisema. "Nionyeshe tu fasi jina ya mutoto wangu iko. Niweke kidole."

Apolline aliileta ripoti, akaifungua magotini, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Angeweza kumwonyesha mstari wowote.

"Haiko, maman."

"Haiko ku huu ukurasa?"

"Haiko fasi yote. Nilibadanganya."

Maman Adélaïde alikikunja kile kidole. Alifunga vizuri kitambaa cha kichwani, kama anayetaka kuondoka, lakini hakuondoka.

"Gracien alikuwa anacheka ku telefone," akasema mwishowe. "Tangu wamukamate sijasikia acheke. Usibaambie."

"Watauliza Jumuiya inakuja lini kuwatoa."

"Watauliza, ndiyo."

Apolline akafunga mlango. Wanawake wale wawili wakaketi kwenye mkeka, wakaanza kupanga watakachojibu, polepole, neno kwa neno, ili maneno yao yasije yakapishana.